Msimseme hivyo BB King, gitaa lake lilikuwa linajibu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa muziki ambao mmewaomba wasomaji watume kumbukumbu zao za BB King, yule Mmarekani mweusi mpiga gitaa na mwimbaji wa blues. Nimezisoma zote, ya kwanza nimeisoma nimesimama pale pale kwa muuza magazeti mpaka akaniuliza mama unanunua au unasoma, nikanunua, na tangu hapo kila wiki nanunua. Nimefurahi sana jamani, nilidhani hapa mjini tuliobaki tunaompenda yule mzee ni wachache mno na wengi tumeshazika wenzetu.

Sasa kuna mambo mawili yameandikwa humo yamenikaa rohoni. La kwanza dogo, kuna msomaji kaandika kwamba Lucille alikuwa mke wa BB King ndo maana gitaa akaliita hivyo. Si kweli ndugu yangu. Ilikuwa 1949, sehemu moja inaitwa Twist kule Arkansas, BB King kijana bado, anapiga kwenye ukumbi wa mbao, baridi kali, katikati ya ukumbi wameweka pipa lina mafuta ya taa linawaka ili watu wapate joto. Wanaume wawili wakaanza kupigana, wakaliangusha lile pipa, moto ukashika sakafu yote, watu mbio nje na yeye mbio nje, kufika nje ndo anakumbuka gitaa limebaki ndani. Akarudi kwenye moto kulichukua, kidogo afie humo. Kesho yake akasikia wale wanaume walikuwa wanagombania mwanamke anaitwa Lucille, basi gitaa akalipa hilo jina ili ajikumbushe asije akafanya ujinga kama ule tena maishani. Na kila gitaa lililofuata likaitwa Lucille, yalikuwa mengi siyo moja.

La pili ndo limenifanya nichukue kalamu. Msomaji mwingine kasema BB King alisifiwa kupita kiasi, eti hakuwa mpiga gitaa kamili maana alikuwa hajui kodi, zile za kubana nyuzi nyingi kwa pamoja, na kwamba kijana yeyote wa gitaa la ridhim, lile la kusindikiza, kwenye bendi zetu angemfundisha. Nimekaa na hayo maneno siku tatu. Ni kweli hakuwa mtu wa kodi, mwenyewe alikuwa anakiri mbele za watu bila aibu, na akasema pia kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, akiimba gitaa linanyamaza, akimaliza kuimba ndo linaingia. Lakini kutoka hapo kwenda kusema hakuwa mpiga gitaa, hapana, na ntaeleza kwa nini nasema hapana kwa uhakika hivi, maana mimi huyu mtu nimemsikiliza kila siku ya Mungu kuanzia nikiwa na miaka 12.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio. Alikaa Kariakoo kwenye baraza ya duka moja la vitambaa karibu na Mtaa wa Congo, meza moja, stuli mbili, na nyuma yake redio za watu zimepangwa mpaka juu kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 80, wakubwa mnakumbuka, sabuni foleni, sukari foleni, redio mpya ndo usiseme kabisa, kwa hiyo redio ikifa haitupwi, inaletwa kwa fundi inafufuliwa, miezi mitatu inarudi tena. Mi nikitoka shule nampelekea baba chakula, nakaa naye mpaka jioni tunarudi wote Magomeni kwa miguu.

Redio kaseti ikishatengenezwa lazima ijaribiwe mbele ya mwenye nayo. Mafundi wengine pale mtaani walikuwa wanajaribia kwa kanda yoyote iliyo karibu, baba alikuwa na kanda moja tu ya kujaribia na haikubadilika miaka yote, BB King, ile shoo aliyorekodi Chicago kwenye ukumbi wa Regal tarehe 21 Novemba 1964. Watu walikuwa wanamuuliza, fundi, kwa nini usiweke Mbaraka Mwinshehe au hawa Sikinde tukasikia Kiswahili? Na baba alikuwa anampenda Mbaraka vibaya sana, nyumbani ndo alikuwa anapigwa asubuhi mpaka usiku. Lakini jibu lake lilikuwa ni moja kila siku, muziki uliojaa haukwambii ukweli wa redio. Ukiweka bendi yenye gitaa tatu na besi na tarumbeta na tumba, zote zinapiga, spika iliyochanika inajificha humo humo hutaijua. Weka BB King. Anapiga noti moja, anaivuta, inalia peke yake, kama spika imechanika utaisikia inakwaruza hapo hapo. Halafu ananyamaza, na akinyamaza ndo unasikia redio yenyewe, inavuma, au hedi ile inayosoma kanda ni chafu, au haina kitu imepona.

Kazi ilikuwa kwenye mota. Mota ikichoka au ule mkanda wa mpira ukilegea, sauti inayumba, na noti za BB King zenyewe zinatetemeka, sasa utajuaje? Baba ilibidi aijue ile kanda kama anavyojua sura za watoto wake, ajue huu mtetemeko ni wa mkono wa BB King na huu ni wa mpira uliolegea. Alikuwa anafumba macho, anainua kidole, hapo, huyo ni yeye. Dakika inapita, hapo, huo ni mpira. Na mimi nikajifunza, mpaka nikawa namwambia mimi kabla yeye hajasema.

Huo mtetemeko ndo ninaotaka msomaji wetu wa kodi ausikilize. BB King alikuwa na ndugu yake, binamu wa mama yake, Bukka White, naye mpiga blues mkubwa, alikuwa anapiga kwa kuteleza na kitu cha chuma juu ya nyuzi hivyo sauti inakwenda kama mtu anayelia. BB kijana alijaribu kile chuma kikamshinda, mkono haukukubali. Basi akatafuta njia ya kuipata ile sauti kwa kidole kitupu, anakandamiza uzi kwa kidole kimoja halafu anatikisa kiganja kizima kwa haraka, vidole vingine vimeachia kama bawa la kipepeo. Dunia nzima ya magitaa ya umeme imepita mlango huo, Eric Clapton, yule mpiga gitaa Mwingereza, kapita hapo na wengine wengi wasio na idadi, wote wanajua kodi kuliko yeye na wote walikwenda kwake kujifunza.

Kulikuwa na mpiga solo wa bendi moja ya hapa mjini, alikuwa anakuja kwa baba kutengeneza amplifaya, mtu mkimya, mkubwa wa heshima, sisi watoto tulikuwa tunamwamkia kwa kupiga magoti. Siku moja kaja na gitaa lake akamwomba baba arudishe nyuma kipande kimoja, arudishe tena, arudishe tena, baba anazungusha kanda kwa kalamu ya Bic ili asimalize betri ya mteja. Yule mzee akatafuta ile noti mara nyingi sana, na noti anayo, ni ile ile, uzi ule ule, lakini haikuwa ile. Akaweka gitaa chini akasema, mimi huyu kwa mbio namwacha mbali, lakini hii noti moja sina. Alisema hivyo mbele za watu na ni mtu ambaye kumbi zilikuwa zinajaa kwa ajili ya vidole vyake. Hayo ndo nilitaka msomaji wetu ayapate, kwamba waliokuwa wanaijua kazi hawakuuliza anajua kodi ngapi.

Na lile la kutoweza kuimba na kupiga pamoja, mi naona ndo utamu wenyewe ulipo. Blues ilivyojengwa, mapigo yake yamegawanywa mafungu 12, mwimbaji anaimba mstari, anaurudia ule ule, halafu wa tatu ndo unaofunga maneno, na kila mwisho wa mstari pana uwazi umeachwa. Kwenye ule uwazi ndo Lucille anajibu. Yaani ni kama mwimbishaji na waitikiaji kwenye ngoma zetu, sema waitikiaji wote wamo kwenye gitaa moja. Kuna video mpwa wangu alinionyesha kwenye simu, tamasha la Farm Aid la 1985, uzi unamkatikia katikati ya wimbo, na yeye anaendelea kuimba huku mikono inafunga uzi mpya, bendi inasubiri inazunguka pale pale, akimaliza kufunga gitaa linaingia mahali pake. Nililia kwa kweli, nilimkumbuka baba na risasi yake ya kulehemu na vinyuzi vyake, mikono inafanya kazi mdomo unaongea na mteja.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hakuna msomaji hata mmoja amekigusa, nacho ni wale kina mama wa Chicago. Ile kanda ya Regal ukiisikiliza vizuri humsikii BB King peke yake. Ule ulikuwa ukumbi wa watu weusi, mtaa wa watu weusi upande wa kusini wa Chicago, wengi wao wenyewe au wazazi wao walitoka huko huko Mississippi alikotoka yeye, kwenye mashamba ya pamba. BB alizaliwa 1925 jirani na Itta Bena, akachuma pamba, akaendesha trekta, akaenda Memphis akapata kazi ya kutangaza kwenye redio ya WDIA na huko ndo likatoka lile jina, Blues Boy, BB. Wale waliokaa Regal usiku ule wanamjua ni wa kwao. Anaanza kueleza habari ya mwanamke aliyemkosea, na wanawake ukumbini wanapiga kelele, siyo kelele za fujo, wanamjibu, wengine wanakubali wengine wanakataa, anapanda na sauti wanapanda naye, anashuka wananyamaza. Nilikuwa sijui Kiingereza wakati ule zaidi ya cha darasani lakini nilikuwa nawaelewa wale akina mama neno kwa neno. Nilikuwa nawatofautisha, kuna mmoja sauti yake nyembamba yuko karibu na maiki, nikawa namsubiri afike kama unavyomsubiri shangazi.

Nikamwuliza baba, hawa wanaopiga kelele ni nani? Akasema ni mashabiki mwanangu. Nikasema mbona wamo kwenye kanda? Akasema wamo kwa sababu bila wao yeye angepiga vingine.

Hilo neno la baba ndo linanifanya nione ukurasa wenu una maana kubwa kuliko mnavyofikiri, Mhariri. Bendi zetu nyingi zilirekodiwa studio pale Radio Tanzania, na Mungu awalipe waliofanya kazi ile maana bila wao tusingekuwa na kitu, sauti ni safi, waimbaji unawasikia, solo unalisikia, lakini sisi hatumo. Watu waliokuwa wanacheza kwenye zile kumbi hawamo. Yule mama aliyekuwa anapanda jukwaani kumtuza mpiga solo, anambandika noti ya shilingi kwenye paji la uso lenye jasho, hayumo kwenye kanda yoyote. Mbaraka alikuwa anaimba mwenyewe na solo anapiga mwenyewe, alifika mpaka Osaka Japani na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, akafa kwa ajali Mombasa Januari 1979, na waliomwona jukwaani wanazidi kuisha. BB King ana vitabu, ana makumbusho yake Indianola, ile shoo ya Regal Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa daima. Kwa hiyo mkimaliza na BB King naomba msifunge ukurasa, endeleeni na hawa wetu, waulizeni watu walikuwa wamesimama wapi na walisikia nini.

Nirudi kwa BB. Kanda yenyewe baba alipewa na baharia mmoja wa Kurasini, sisi tulimwita anko ingawa hatukuwa na undugu, aliinakili kutoka kwenye santuri ya rafiki yake huko melini. Huyo anko ndo mtu pekee niliyemjua ambaye alimwona BB King kwa macho, London. Kila akirudi safari anakaa kwenye ile stuli ya pili na anaeleza upya, na watu wanaofuata redio zao wanasahau kuondoka. Alikuwa anasema bendi inaanza bila yeye, wanapiga nyimbo mbili hivi tarumbeta zinawaka, watu wameshapata moto, ndo mzee anatoka. Suti. Jasho. Akipiga solo anafumba macho na mdomo unachezacheza kama anayatamka yale ambayo gitaa linasema. Na mwisho wa shoo hakimbilii nyuma, anasogea ukingoni anawapa watu vile viplastiki vya kuchapia nyuzi, anko alipata kimoja, alikuwa anakitembeza ndani ya pakiti ya sigara amekifunga na pamba. Nimekishika. Kidogo tu, cha kawaida kabisa, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Baba naye alikuwa na yake, ya 1974. Wazee wanajua, BB King alifika hapa jirani yetu, Kinshasa, Septemba ile, kwenye tamasha la siku tatu lililopangwa kwenda pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa wameshafika na tamasha likapigwa, James Brown, Miriam Makeba, Franco na wenzake, na BB King na Lucille wake. Baba alikuwa kijana ana mke na mtoto mdogo ambaye ni mimi, hana nauli ya kwenda hata Kigoma. Maisha yake yote alikuwa akilisema hilo kwa uchungu, alifika mpaka hapo, ziwa tu lilitutenga. Ziwa na Zaire nzima, mama alikuwa anamkumbusha, maana Kinshasa iko upande wa pili kabisa, lakini kwa baba ilikuwa ni ziwa tu.

Mwaka 1956 peke yake BB King alifanya shoo 342. Nilivyosoma hiyo namba nikafikiria, siku 365, alilala lini, alikula wapi, na kwa Marekani ya wakati ule mtu mweusi haruhusiwi hoteli hii wala mgahawa ule kule kusini, wanalala kwenye basi. Nadhani watu wanaosema alikuwa anapiga noti chache hawajui kila noti imesafiri umbali gani.

Alifariki Las Vegas tarehe 14 Mei 2015 usiku wa huko, kwetu ilikuwa imeshafika Ijumaa asubuhi. Ana miaka 89. Baba alikuwa ameshatangulia. Nilikuwa nachemsha chai nikapigiwa simu na mtoto wa yule mpiga solo, hakusema habari za asubuhi wala nini, akasema tu, dada, wa redio kafa. Hivyo ndo watoto wote wa pale barazani tulikuwa tunamwita, mzee wa redio, kwa sababu kwetu alikuwa anaishi ndani ya redio za watu. Jioni tukakutana kwangu watu sita, tukaweka ile kanda. Upande wa kwanza ulipiga mpaka mwisho. Yule mama wa sauti nyembamba alifika mahali pake pale pale.

Upande wa pili ulimezwa na mashine siku hiyo hiyo ukakatika, na sijampata fundi wa kuunga kanda tangu wakati huo. Kama kuna msomaji bado anafanya kazi hiyo, au anaye baba au babu anayeifanya, naomba ofisi yenu impe namba yangu nimewaachia mapokezi. Shoo yenyewe najua inapatikana kwenye simu, mpwa wangu ameniwekea, ni nzuri na safi. Lakini ile ya baba kuna mahali katikati ya wimbo, aliibonyeza kurekodi kwa bahati mbaya, na kwa sekunde kama nne hivi unamsikia anamwambia mteja, umesikia hapo?

Wenu katika muziki,
Binti Fundi Redio,
Magomeni, Dar es Salaam